Taimingi ya Gari ya Baba

Ijumaa usiku

Sijamwambia mtu: leo nimeigusa gari ya marehemu baba. Mama alikataza isirekebishwe. "Alivyoiacha ndivyo itakavyokaa." Lakini kesho kaka Fuad anaipeleka Malindi, na kila tabo, ile pampu ya hewa ya injini, ikianza kuvuta, injini inagonga kama mawe ndani ya debe. Ingemvunjikia njiani.

Baba alitega taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha mafuta, kwa sikio, na mwisho wa maradhi yake alikuwa hasikii vyema. Cheche ilikuwa ikiwahi mno.

Baada ya alasiri niliwasha injini, nikamulika puli, lile gurudumu la mbele ya injini, kwa taa ya taimingi inayomweka kwa kila cheche, kama alivyonifunza. Puli ilizunguka kwa kasi, lakini kwa kila mmweko alama nyeupe aliyoipaka baba ilionekana imesimama tuli, kama inanitazama. Nikazungusha distribyuta, kile kigawa cheche, kidogo kidogo, nikaichelewesha cheche. Kugonga kukaisha. Ikabaki ile sauti ya zamani, ya kabla baba hajaugua.

Dirishani juu mama akaita, "Baba Fuad? Mbona umechelewa? Kahawa inapoa."

Nilizima, nikapanda. Mezani palikuwa na vikombe viwili.

"Umemsikia?" aliniuliza. Alikuwa akitabasamu.

"Nimemsikia, mama."

Daftari langu, tafadhali, asijue kamwe kuwa nilikuwa mimi.