Saini Yangu Mpya

Jumapili, 2 Juni
Wiki tatu leo tangu niolewe! Mume wangu — naliandika tu neno hili na uso unacheka wenyewe. Mume wangu, mume wangu. Yeye ananiita Tunu. Jina langu la zamani, anasema, tuliachie kitambulisho.

Ameitwa kazini. Jumapili! Lakini afisa manunuzi wa wizara hana Jumapili, ndivyo alivyoniambia akinibusu kwenye paji la uso. Nimeandaa sahani mbili hivyo hivyo, nikala nikiitazama ya pili. Ghorofa ya tatu ni kimya mno. Bomba la jikoni linadondoka, nami nalisikiliza kama mtu anayenisimulia jambo.

Mchana kutwa nimejifunza saini mpya, yenye jina lake. Kurasa sita nyuma ya daftari hili! Mkia wa herufi ya mwisho nimeupindisha kama utepe wa zawadi. Nzuri!

Jumanne, 4 Juni
Kaka kapiga simu! Eti, "Mke wa mkubwa, bado unajua kushika ufagio, au umeajiri mtu wa kukushikia?" Tumecheka. Nyuma yake msumeno unaunguruma, mafundi wanabishana. Nikatamani hata lile vumbi la mbao.

Ameomba zabuni ya wizara, madawati ya shule. Mkaguzi alipanda juu ya dawati lake la mfano akaruka mara tatu, halikulia hata kidogo! Nikamwambia, nimnong'oneze shemeji yako akusukume? Akawa mkali. "Thubutu! Nishinde kwa dawati langu, au nishindwe kwa dawati langu." Ndiye kaka yangu huyo. Baba na mama walipotutoka ndiye aliyenilea, na karo yangu mpaka kidato cha nne imetoka kwenye randa yake.

Mume wangu amepita kubadilisha shati tu, akaondoka. Shati la jana sijalifua. Linanukia yeye.

Jumamosi, 8 Juni
Leo amekuwa nyumbani — saa mbili nzima! Amekuja na rafiki yake mfanyabiashara, yule asiyevua miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Mimi humwita Bwana Miwani, moyoni lakini.

Mume wangu akatandaza karatasi mezani. "Tunu, nataka kila ninachokijenga kianze na jina lako." Jamani! Machozi yalinilenga. Kampuni! Ya kwetu! Yangu! Jina langu limechapwa pale kama lilivyo kwenye kitambulisho, na la baba. Lakini saini nikatia mpya, mahali pote alipoweka kidole, na utepe wake. Wao walikuwa wanaangalia saa. Bwana Miwani akasema, sasa wewe ni mkurugenzi, tukuamkie. Mkurugenzi! Mimi niliyeogopwa na hesabu kama nilivyoziogopa!

Sikusoma. Kusoma mbele yake ningeona kama ninamkagua. Sisi ni pete na kidole.

Walipoondoka nilijiamkia kwenye kioo. Kioo hakikuitikia.

Alhamisi, 13 Juni
Limeletwa sofa. La Bwana Miwani, zawadi ya harusi. Linakaa watu watano. Nimekaa mimi. Nikahamia upande wa pili, ili nao usijione mpweke.

Mume wangu yuko safari ya kikazi. Simu yake haipatikani. Nampenda.

Jumatatu, 17 Juni
Kaka ameshindwa.

Alianza kwa utani, akasema madawati yamepata mchumba mwingine. Halafu akaacha utani. Mbao alishazipasua, mafundi sita amewarudisha nyumbani. Aliyeshinda ni kampuni ya juzi tu, haina karakana, haina hata nyundo. Tena wamemtuma mtu mmoja mwenye miwani myeusi kwa kaka huyo huyo, wanataka awatengenezee kwa mbao nyembamba, wao wabandike jina lao. Akamfukuza. "Watoto wakalie maganda? Mimi?"

Nikauliza inaitwaje kampuni hiyo.

Tunu Yetu.

Nikasema pole kaka. Nikasema chungu changu kinaungua. Jikoni hakukuwa na chungu.

Jumatano, 19 Juni
Sijala. Hakuna wa kumwambia. Wa kumwambia ni wawili tu duniani, na siwezi kumwambia hata mmoja.

Labda mume wangu hajui. Labda ni Bwana Miwani peke yake. Labda.

Kaka kapiga tena, sikupokea. Akatuma ujumbe: amekata rufaa, kesho asubuhi wanamfungulia jalada aone waliomshinda ni akina nani. Akitoka huko atapita kwangu. "Uniwekee chai, mke wa mkubwa."

Alhamisi, 20 Juni
Mume wangu amerudi. Saa sita mchana, na bado ni siku ya kazi! Wiki moja iliyopita ningeruka. Amekuja na karatasi moja. Bodi ya rufaa inataka mkurugenzi athibitishe kwamba hana undugu wala ndoa na mtumishi yeyote wa wizara.

Nikamuuliza, wala ndoa?

"Ni karatasi tu, Tunu. Moyoni tunajua."

Kisha akatoa nakala za zile za kwanza, akaninyooshea kidole. Eti mbona nilitia saini yenye jina lake! Nani aliniambia! Sasa nitie ya zamani, ya kitambulisho, niseme ile nyingine nilikosea. Sauti hiyo sijawahi kuisikia. Nikamwambia nilikuwa nafurahi tu.

Nikamuuliza kama aliliona jina la kaka kwenye orodha ya walioomba.

Akaliangalia sofa. "Kaka yako tutamtuliza baadaye."

Kwa hiyo aliliona.

Nimesema nafuata kalamu chumbani. Niko hapa kitandani, shati lake bado liko kwenye mto. Naandika haraka. Nampenda, ndiyo, bado, na ndiyo maana nataka kuzimia. Karatasi inasema mimi si mke wa mtu. Jalada linasema mimi ni mtoto wa baba yetu, na kaka ameshalisoma.

Nimejaribu saini ya zamani hapa pembeni ya ukurasa. Mara moja. Mara mbili. Kila mara mkono unakwenda wenyewe kuupindisha ule mkia.

Viatu vya kaka kwenye ngazi. Navijua, vizito, havina haraka. Vimefika. Anabisha mara mbili, kama anavyobisha siku zote.

Haniiti mke wa mkubwa. Anaita jina langu.

Sebuleni mume wangu ananong'ona, Tunu, usifungue. Kalamu imepatikana?

Imepatikana. Ninayo mkononi, lakini naanza na mlango.