Kamba ya Bibi Mwanahawa

Jumatano, baada ya isha

Eti ya kuanikia shuka! Kamba niliyoifunga toka mlangoni kwa Bibi Mwanahawa mpaka chooni, aishike kwa kuwa haoni, mtunzaji wa nyumba ya wazee ameifungua. Leo Bibi kaanguka, goti limechubuka.

"Mbona unalia wewe, mjukuu wangu?" akanicheka. "Goti si langu?"

Nilimwendea mtunzaji. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, maneno mengine yote yakanikauka. Naona haya hata sasa.

Kesho nikitoka shule nitapeleka kamba mbili za usumba wa nazi. Moja nitampa yeye, ya shuka zake. Ya pili nitaifunga palepale, naye akinitazama. Akiniuliza, nitamjibu. Sauti ikitetemeka, na itetemeke.