Sindano ya Jicho la Haron

Uthiru, 6 Aprili 2009

Dada Debra,

Hujambo na magoti yako? Sisi tuko salama, ila mimi. Haya siwezi kukuambia kwa simu, utacheka.

Nilimgombeza fundi Kilonzo mbele ya majirani kwamba mlango alionitengenezea umepinda. Akaleta pimamaji: umenyooka. Nikafumba jicho la kulia, ukanyooka hata kwangu! Kumbe kibovu ni jicho. Daktari huko Westlands anasema kuna maji yanavuja nyuma ya jicho, nisipodungwa sindano katikati patabaki giza. Dada, sindano ndani ya jicho! Nilisema naenda chooni, nikatokea barabarani Waiyaki Way.

Ndugu yako,
Haron

Jamhuri, 13 Aprili 2009

Ndugu yangu Haron,

Mimi mzima, magoti ndiyo yana maneno.

Mzee mwenye wajukuu unatoroka daktari? Jana Pasaka ulisalimia koti lililotundikwa ukidhani ni mchungaji, tena ukaliuliza kama watoto hawajambo. Nilicheka. Nilipofika nyumbani nikalia. Sitaki siku moja nisimame mbele yako uniulize mimi ni nani.

Alhamisi tunaenda pamoja. Nimezaa sita, sindano hainitishi.

Dada yako mkubwa,
Debra

Uthiru, 17 Aprili 2009

Dada,

Kichwa kinaendeleaje? Uvimbe umeshuka?

Pengine hukumbuki, acha nikueleze. Walinitia matone ya ganzi, wakazuia kope kwa kichuma. Wewe ulikuwa mlangoni. Daktari akasema, "Tazama juu, mzee." Mara nikasikia kishindo.

"Nini hiyo?"

"Dada yako ameanguka," nesi akasema.

"Basi niacheni, mwangalieni yeye kwanza!"

Daktari akacheka. "Anaangaliwa. Na wewe tumeshamaliza."

Nilihisi tu kama kubonyezwa na kidole. Jana vidoa vyeusi vilielea, leo vimepungua. Sindano nyingine ni mwezi ujao. Bado naogopa, sitakudanganya, lakini nitaenda.

Ndugu yako,
Haron

Jamhuri, 20 Aprili 2009

Ndugu yangu,

Nashukuru Mungu kwa jicho lako. Uvimbe umeshuka. Kanisani nimesema niligonga kabati, na wewe useme hivyo hivyo.

Sikuzirai. Nilikaa chini haraka.

Mwezi ujao nitakuja tena, ila nitangoja kwenye benchi la nje. Na umwambie nesi, akija kuniambia umemaliza, asitaje neno sindano.

Dada yako,
Debra