Asali Ingoje, Jua Linageuka

Mpendwa Mama,

Umeamkaje huko Kianjai? Goti limepoa, au bado unapanda kilima cha kanisani kwa fimbo? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku imenipasua midomo.

Tangu Mwenda anipigie simu sijatulia. Ati watu wa Njeru watatoka Kanja mwezi wa nane na kibuyu cha asali kuja kuniposa, na kwa kuwa sitakuwepo, binamu yangu Kathure aonje kwa niaba yangu, kisha ampe Baba. Nikamwambia ndugu yangu kwamba siwezi kuliacha jua sasa. Akacheka: "Hiyo jua yako si iko hata hapa? Kuja uiangalie ukipukuchua mahindi!"

Mama, ngoja nikueleze. Kila mchana nakaa mbele ya picha za nguvu za sumaku kwenye uso wa jua. Upande mmoja wa sumaku huonekana mweupe, wa pili mweusi, na mabaka hayo husafiri polepole kama ukungu unavyopanda mashambani kwetu. Mengine hufika kwenye ncha za jua, yakafuta yaliyokuwepo, na kaskazini ikawa kusini. Hutokea mara moja tu katika miaka kama kumi na mmoja. Sasa ncha moja imegeuka, ya pili bado. Nikitazama sana nasahau kama nina mwili. Naona jua linasitasita, nami nasitasita nalo.

Njeru nampenda. Lakini kuonja asali ile ndiko kusema ndiyo. Kathure akiionja, Baba naye ataionja akijua nimekubali, nami nitakuwa mke wa mtu huku nimekaa kitini ng'ambo, mdomo mkavu.

Nilimpigia Njeru mwenyewe nikamwomba wangoje. Akasema, "Wazee wangu wataniona mjinga. Lakini mimi simwoi Kathure." Tukacheka mpaka nikalia.

Basi nakuomba uzungumze na Baba: wangoje hadi Desemba. Nitakuja. Wakikataa, warudi Kanja na kibuyu chao. Nitaumia, Mama, lakini iwe hivyo.

Nisalimie Baba, na Mwenda mchokozi, na shangazi anayeuza ndizi sokoni Gakoromone. Kathure mwambie sina kinyongo naye. Ila wakimletea kibuyu, afunge mdomo.

Binti yako,
Kendi