Vitambaa kwenye mikindu

Jumamosi. Mvua ya asubuhi, halafu jua la kuchoma. Mwezi wa tano tangu nitoke Mwingi.



Niko kisiwani Pate, nje kidogo ya kijiji cha Chundwa. Tunafyeka msitu ili ijengwe hoteli. Si msitu mkubwa. Ni bonde chini ya vilima vya mchanga, na maji matamu yanachuruzika humo hata wakati wa kiangazi. Kwetu tunafukua mto mkavu kupata maji. Hapa ukikanyaga tu, kiatu kinajaa. Pembeni kuna ndago, ndani zaidi kangaga zinazonizidi kimo, kisha mikindu, na katikati mkuyu mmoja mnene.

Bi Mwanaisha, msusi wa hapo kijijini, hukata ukindu hapo wa kusukia mikeka. Akishachukua kuti changa, hufunga kitambaa kwenye mti, ili wenzake wauache mpaka uchipue tena.

Msimamizi wetu ni Musyoka. Tulikulia kijiji kimoja, na ndiye aliyeniita huku. Juzi aliniambia, "Mwambie huyo mama afunge vitambaa kwenye mikindu anayoipenda zaidi. Tutairuka."

Nikaupeleka ujumbe kwa furaha, naye akanikaribisha chai. Bi akafunga ile inayochipua upesi, iliyosimama pale maji yanapotokea.

Jana, wanaume wa Chundwa wakiwa kwenye sala ya Ijumaa, Musyoka aliwasha msumeno akaanza na hiyo hiyo. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuchimba kisima cha hoteli. Nilipomuuliza, alicheka.

"Ulidhani vitambaa ni vya harusi? Mama ametuonyesha maji bure."

Jioni Bi akaja, akasimama juu ya visiki. Hakupiga kelele.

"Ndia umewaonyesha wewe, Bwana. Na chai yangu umekunywa."

Kwao njia ni ndia.

Aliyenidanganya angekuwa mgeni, ningemtukana nikalala. Lakini ni Musyoka, niliyekula naye sahani moja tangu utoto. Alijua Bi ataniamini. Ndiyo maana alinituma mimi.

Mashine ya kuchimba inaletwa Jumatatu, na mkuyu utang'olewa siku hiyo. Watu wa kijiji hawajui. Kesho nakwenda kwa Bi Mwanaisha, nimwambie mbele ya jirani zake, wafike bondeni kabla ya mashine. Sijui kama atanifungulia mlango.

Nikishasema, kazi yangu hapa itakuwa imekwisha. Mama, nilikuambia nitarudi nyumbani Desemba. Nitarajie wiki hii inayokuja.