Ngazi ya Pili

Mdogo wangu Corinne,

Huku theluji bado ipo, na mama goti limemkaza tena. Mbwa wako siku hizi analala jikoni. Mwanao Linnea ni mzima, anakula.

Mwaka huu kila mtoto darasani kwangu ana kishikwambi na hedifoni zake, na programu inampa masomo ya kiwango chake. Wenzake Linnea wako ngazi ya tano. Yeye amekwama ya pili tangu Novemba, ulipoondoka. Nilishaanza kujaza fomu za watoto wanaochelewa kusoma, ingawa nyumbani ananisomea hata boksi la sabuni.

Jumanne niliketi kando yake. Kidole kilielekea kwenye jibu sahihi, kikasita, kikabonyeza la makosa.

"Wewe, mbona unakosea makusudi?"

"Mama mkubwa, ukifika ya tatu yule mama wa humu kwenye hedifoni hakusomei tena. Unasoma mwenyewe."

Nikavaa hedifoni. Corinne, huyo mama anasoma polepole, na anavuta pumzi kabla ya kutaja jina la mtu, kama wewe.

Mkuu wa shule alitaka takwimu zilizopanda kufikia Ijumaa. Nikampandisha Linnea ngazi ya tatu kwa mkono wangu. Hakulia.

Sikuulizi utarudi lini. Piga simu tu umsomee chochote, hata maandishi ya kopo la supu. Bado anavaa hedifoni asubuhi hadi kengele ya mwisho, na ndani hamna mtu.

Dada yako,
Ardith