Nimesoma Kimya Mbele ya Mashine ya Barafu

Jumatano, 13 Agosti. Kizingitini.

Manyunyu tangu alfajiri, jua kidogo, kisha manyunyu tena. Upepo wa kusi umeangusha nguo zote kwenye kamba ya kuanikia. Nimeamka saa kumi na moja kasorobo, na sababu naijua.

Sababu ni Mama. Yuko Amu, mjini Lamu, lakini wiki iliyopita alimwambia Ami Athman, ndugu yake Baba, kwa simu kwamba mwanawe asoma Kijapani kama maji. Jana nikapandishwa boti, nikaletwa huku.

Ami na wavuvi wenzake wana mashine ya barafu. Ni kuukuu, imetoka Japani, na kila neno juu yake ni la Kijapani. Fundi aliyeiunganisha aliiacha ikizungusha maji, akasema itagandisha polepole. Ni miezi mitano sasa, haijatoa hata kipande kimoja. Samaki wanasubiri barafu ya Amu, na ikifika nusu yake imeshayeyuka. Wenzake Ami wamekata shauri: kesho mashine ivunjwe, iuzwe chuma.

Niandike jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani.

Mwaka wangu wa kwanza Japani sikuwa nasoma. Nilikuwa nakariri.

Nimelelewa katika chuo cha Kurani. Mwalimu alisoma, mimi nikashika, na nikishika nimeshika. Nilihitimu kabla ya kutimiza miaka kumi, na watu wakisema nina sauti. Kule nikafanya vivyo hivyo. Nilisikiliza somo mara tatu kwenye simu, nikasimama darasani, nikafungua kitabu kutoka kulia kama msahafu, nikasoma. Wenzangu wa nchi nyingine bado walikuwa wanakigeuzageuza kitabu wakitafuta mwanzo wake. Nilisifiwa muhula mzima.

Mpaka siku mwalimu wetu, mama mfupi mwenye subira, alipochapa somo upya na kuihamisha aya ya pili mwanzoni. Nikasoma lile la zamani, kwa mpangilio wa zamani. Lote, bila kukosea.

Hakunigombeza. Alinirudisha kwa wanaoanza.

Tangu siku hiyo naandika herufi kumi kila asubuhi kwenye ubao mdogo, nafuta, naandika tena. Daftari langu linasema nimefika mia tisa na kumi na mbili. Nikirudi mwezi ujao nina mtihani wa kusoma kitu nisichowahi kukiona. Nikishindwa, sitaingia masomo ya kuhifadhi samaki, ambayo ndiyo yaliyonipeleka huko. Mwalimu alinipa bahasha yenye kurasa tatu za kujipimia likizoni. Wiki tano sasa imo sandukuni, haijafunguliwa. Nimekuja nayo hata huku.

Saa tatu asubuhi Ami alinichukua hadi bandani. Wavuvi sita walikuwa wamekaa wakitungoja. Mmoja wao, Bakari, ana mdomo.

"Mjapani wetu amekuya!" akasema. "Mpisheni ndia, asije akatutukana tusielewe."

Ami akapangusa vitufe vya mashine kwa kiganja. "Haya, mwanangu. Soma tusikie."

Tusikie.

Kwetu kusoma ni sauti. Usiposikika, hujasoma. Na mimi herufi nyingi za Kijapani nimejua maana yake kabla ya kujua inavyotamkwa. Naiona, naielewa, ulimi hauna la kusema. Chuoni nilikuwa na sauti bila maana. Sasa nina maana bila sauti.

Nikasimama pale kimya.

"Asoma au aangalia?" Bakari akauliza. "Maana kuangalia hata mimi naweza, na sikupanda ndege."

"Mwache, Bakari," Ami akasema, lakini hakusema kwa nguvu.

Nakiri, nilishawishika. Somo letu la kwanza, la paka aliyelala dirishani, bado lote limo kichwani. Ningelitoa kwa sauti nzuri, wangetikisa vichwa, Mama angepata sifa zake, na hakuna mtu Kizingitini nzima ambaye angejua.

"Nasoma, Ami," nikasema. "Ningojeni."

Swichi ilikuwa na sehemu tatu. Kushoto: kutengeneza barafu. Kati: kusimama. Kulia: kuosha. Ilikuwa kulia. Miezi mitano mashine ilikuwa inajiosha.

Nilipowaambia, Bakari alishika kichwa. "Miezi mitano yaoga! Hata bibi harusi haogi hivyo!"

Ami hakucheka. "Kushoto tulijaribu. Yawaka taa nyekundu, mashine yazima. Fundi akasema huko kubaya."

Nikageuza kushoto. Kweli, taa ikawaka, mashine ikazima. Chini ya taa paliandikwa: tazama maelezo ubavuni. Ubavu wenyewe ulikuwa umesukumwa ukutani. Wanaume wakaivuta mashine, na ubavuni tukakuta kibandiko cha manjano chenye sentensi nne. Nilizisoma kwa dakika kumi na nne, nilitazama saa. Herufi mbili sikuzijua, nikazizunguka.

Kulikuwa na wavu wa kupitisha hewa. Ukiziba, mashine hujizima. Utolewe, uoshwe, urudishwe, kisha kibonyezwe kitufe cha buluu.

Wavu tuliukuta umeziba kwa chumvi na manyoya ya kuku, maana kuku wa jirani hulala bandani humo. Bakari aliuosha mwenyewe.

"Kitufe hicho nimekibonyeza mara mia," Ami akasema.

"Ulibonyeza ukaachia. Hapa pasema ushikilie mpaka taa izime."

Akashikilia. Midomo yake ilikuwa inasoma aya ya Kurani, na hiyo niliijua. Taa ikazima. Haikurudi.

Saa sita na nusu wote walikwenda kuswali adhuhuri, nikabaki peke yangu na ule mngurumo. Saa saba kasoro dakika kumi vipande vya kwanza vikaanguka ndani ya sanduku kwa kishindo, nikaruka. Alhamdulillahi nilisema kwa sauti. Kisha nikatazama ile swichi, nikatamka neno moja ambalo sauti yake naijua vizuri: kōri. Barafu.

Ami alirudi, akaingiza mkono sandukuni mpaka kwenye kiwiko, na hakuutoa.

"Haivunjwi," akasema. Hakuna aliyebisha.

Jioni Mama alipiga simu, habari imeshamfikia. Nilimwambia yote, pamoja na ile aya iliyohamishwa.

"Kwa hivyo kule uliwadanganya, sisi hukutudanganya?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Sasa kawasomee na wao."

Baada ya isha nimeifungua bahasha. Nimesoma ukurasa wa kwanza, kuhusu mama mmoja anayetengeneza nyavu. Sikuwahi kuuona, wala kusikia mtu akiusoma. Mara mbili nimerudi nyuma, herufi tano nimezipigia mstari. Nimeuelewa, na mwisho wake umenichekesha peke yangu chumbani.

Kurasa mbili zimebaki. Nazima taa sasa, saa nne na dakika ishirini.